Matairi ya Mshikamano

Ipo nchi moja ambayo jina lake nimelisahau kwa hiari yangu, na wewe ukilikumbuka, tafadhali kaa nalo. Ni nchi njema. Ina wimbo wa taifa mrefu kuliko barabara zake za lami, ina mawaziri wa kutosha hata wa akiba, na ina amani kubwa kiasi kwamba watu wanaogopa kuitaja. Tena ina sheria ya matairi ambayo nchi nyingine zote duniani zimeshindwa kuiga, sijui kwa uvivu au kwa wivu.

Sheria hiyo ilikuja hivi. Zamani magari ya huko yalivaa matairi manne yanayofanana, kama ya kwenu. Siku moja kwenye mkutano mkuu, mjumbe mmoja akasimama akauliza kwa uchungu: iweje gari la raia litembelee matairi ya kiwanda kimoja, cha jimbo moja, na majimbo mengine matatu yabaki kula vumbi? Huo si ukabila? Ukumbi mzima ukapiga makofi, maana nani alitaka kuonekana mkabila wa matairi? Ikapitishwa palepale kwamba kila jimbo lijenge kiwanda chake, na kila gari livae tairi moja la Kaskazini, moja la Kusini, moja la Mashariki na moja la Magharibi. Yakaitwa Matairi ya Mshikamano.

Wakasahau vipimo. Hapana, nawasingizia, hawakusahau. Walikaa vikao juu ya vikao kuhusu vipimo, na kila kikao kilikuwa na posho. Kaskazini, anakotoka Mtukufu Kiongozi, walisema tairi lao lazima lipite mengine yote kwa kimo. Kusini walisema wao hawapimwi na mtu. Mashariki walitengeneza jembamba, kwa sababu mpira mwingine ulipotea njiani ukaenda kuwa kandambili za duka la mkurugenzi. Magharibi walitengeneza dogo kuliko yote, kisha wakalalamika kwamba wameonewa, na wakafurahi sana kupata cha kulalamikia.

Basi magari ya nchi nzima yakawa yanachechemea. La Kaskazini lilifungwa mbele kushoto, pembeni mwa dereva, mahali pa heshima, na upande huo wa gari ukapanda juu kama bega la mtu aliyenuna. Lakini watu wa huko si wajinga. Waligundua kwamba ukiketisha mtu mnene kwenye kiti cha mbele kushoto, gari linashuka kidogo na usukani unashikika. Mtu huyo akaitwa mzito. Kila familia ikawa na mzito wake. Wachumba walipokwenda kujitambulisha, wazee waliacha kuuliza habari za ukoo, wakauliza, "Kwenu mna mzito?" Na binti mwembamba mwenye shangazi mnene aliolewa haraka kuliko wenzake wote.

Sasa huko Kilimajuu, kwenye uwanda wa nyanda za juu, aliishi Mwalimu Machano, mstaafu wa somo la jiografia, na mkewe Bi. Mize. Mtoto wao Asya alikuwa ameolewa nchi jirani, ng'ambo ya mpaka. Walikuwa na gari dogo la kifamilia, kuukuu lakini lenye adabu. Gari hilo halikuwa la anasa. Figo za Bi. Mize zilikuwa zimekataa kazi, na kila Jumatatu na Alhamisi ilibidi ateremshwe hospitali ya Bondeni kusafishwa damu kwa mashine. Akikosa zamu moja, anavimba miguu. Akikosa mbili, Machano hakupenda kufikiri zaidi ya hapo.

Njia ya kwenda Bondeni ni moja tu, Mteremko wa Subira, kona juu ya kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Na mwaka huo mambo mawili yalikuja pamoja. Matairi yalikwisha, yakawa vipara kabisa. Na mzito wao, Ngwali, mdogo wake Machano, akachukuliwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyemwahidi chakula kutwa mara nne. Ngwali hakuaga hata vizuri.

"Baba Asya," alisema Bi. Mize, akitazama mawingu. "Mvua hizo. Alhamisi tutashukaje?"

"Nitanunua matairi mapya, mama. Usiwe na wasiwasi."

Alisema hivyo kwa sauti ya mwalimu. Moyoni alikuwa na wasiwasi tele.

Matairi hununuliwa kwenye Kituo cha Uteuzi Huru wa Matairi. Machano alimkuta hapo Bwana Kitundu, afisa mteuzi, kijana mwenye tai na tabasamu la kuajiriwa.

"Karibu sana, mzee wetu. Umekuja kutumia haki yako?"

"Nimekuja kununua matairi, mwanangu. Mgonjwa wangu anashuka Bondeni. Nilikuwa naomba, kama inawezekana, manne yanayolingana."

Tabasamu la Bwana Kitundu likafungwa kama duka saa ya swala. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama.

"Mzee, unataka kuirudisha nchi kwenye vita?"

"Nataka kushuka mteremko."

"Wote waliotaka kuivuruga nchi hii walianza hivyohivyo, na jambo dogo lenye huruma. Ingia kwenye kibanda, mzee wangu, uchague kwa uhuru."

Kibanda kilikuwa na pazia. Nje ya pazia walikaa waangalizi wawili, mmoja amelala na mwingine anaangalia asiamshwe. Ndani yalisimama matairi manne, la Kaskazini, la Kusini, la Mashariki na la Magharibi, kila moja limechorwa ufito wa rangi ya jimbo lake ubavuni. Machano aliyatazama, akatazama nyuma yake, hakukuwa na mengine. Akachungulia nje.

"Samahani, mwanangu. Hapa nachagua nini?"

"Unachagua kukubali, mzee."

"Na nisipokubali?"

"Kibanda hakina mlango wa pili."

Hewala haigombi. Machano alikubali. Alipotoka, Bwana Kitundu alikwishatangaza kwa kipaza sauti kwamba mzee ameyachagua matairi yake kwa kishindo, waangalizi wakasema zoezi limekwenda kwa utulivu, na mafundi walikuwa wameshafunga nati za mwisho. Kwa kweli walianza kuzifunga kabla hajaingia kibandani. Ufanisi wa huko ndio huo, wanaosema serikali inachelewa ni wazushi.

Akaenda kulijaribu gari peke yake kwenye kona ya kwanza ya mteremko, na hakurudia jaribio hilo. Gari lilivuta kulia, akalirudisha kushoto, likapitiliza, tairi dogo la Magharibi likaelea hewani, na Machano akajikuta ameangaliana na korongo uso kwa uso. Alifikiri kuhusu Bi. Mize akiwa kwenye kiti kile, na mkoba wake wa hospitali mapajani. Akageuza gari polepole akarudi nyumbani, na njia nzima alikuwa anatukana kimyakimya, mtu ambaye darasani hakuwahi kumwita mwanafunzi hata mjinga.

Kikulacho ki nguoni mwako, na wakubwa wa nchi hiyo nguo zao zina wengi. Mwaka ule mawaziri walikuwa wamejinyima kwa ajili ya wananchi: walishuka kwenye magari makubwa wakapanda madogo ya kifamilia, kila waziri matano. Na magari hayo yalivaa Matairi ya Mshikamano, yenye rangi zote nne. Ndivyo yalivyoonekana. Chini ya rangi, matairi ya mawaziri yalikuwa manne ya aina moja, mapya, kutoka ng'ambo, yameshuka usiku bandarini kwenye masanduku yaliyoandikwa "vitabu vya watoto". Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Dereva wa Waziri wa Mizunguko aliitwa Sururu. Huyu alikuwa hajalipwa marupurupu tangu mvua za mwaka juzi, na alikuwa ameamua kujilipa. Alimfuata Machano nyuma ya kisima cha kuoshea magari.

"Mwalimu, ulinifundisha kusoma ramani. Nasikia mama hawezi kushuka. Ninayo manne. Yanafanana mpaka kucha."

"Umeyatoa wapi?"

"Mwalimu, wewe unataka matairi au historia?"

Machano alitaka matairi. Bei siisemi, wao wawili walielewana. Sururu akamfungia ya ng'ambo, na yale ya Mshikamano aliyochagua Machano kwa kishindo akaenda kumfungia Waziri. Rangi ni zilezile, nani atajua?

Alhamisi ikafika, mvua nayo ikafika. Machano akamketisha Bi. Mize mbele, akawasha gari, wakaondoka. Na gari likaenda. Lilinyooka kama linavutwa na uzi. Machano aliachia usukani kidogo kujaribu, na gari halikuwa na habari. Bi. Mize alianza kucheka, kicheko ambacho mumewe alikuwa hajakisikia tangu augue.

"Kumbe barabara hii haina mawimbi," alisema. "Miaka yote nilidhani ni barabara."

Hawakufika mbali. Juu kabisa ya mteremko trafiki aliwasimamisha. Alikuwa Koplo Shaibu, mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo mzee. Habari za safari?"

"Marahaba. Njema, afande."

"Njema mno. Nimeiona tangu mbali. Gari lako linakwenda sawa."

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini?"

Machano alikuwa amejiandaa kwa maswali ya leseni, ya bima na ya breki. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Koplo alizunguka gari, akazihesabu rangi, zote zipo. Akachungulia ndani.

"Mzito wenu yuko wapi?"

"Hatuna mzito."

"Hamna mzito, mvua inanyesha, na hamyumbi." Koplo alishusha pumzi kwa masikitiko ya kweli. "Mzee, wewe ni mtu wa elimu. Unaona mwenyewe hali ilivyo mbaya."

"Mwanangu," alisema Bi. Mize, "nakwenda kusafishwa damu. Tafadhali."

"Pole sana, mama yangu. Ila damu ni ya Wizara ya Afya. Mimi niko upande wa mwendo."

Akaushika ufunguo. Machano akaona mguu wa mkewe, namna kiatu kilivyokwisha kumbana, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Alikuwa anafungua kinywa kusema maneno ambayo yangemlaza rumande, ndipo sauti nzito ikasikika kutoka ukingo wa barabara.

"Koplo. Gari hilo liache."

Waziri mwenyewe. Mheshimiwa Dakta Mng'aro, Waziri wa Mizunguko, alikuwa amesimama kwenye majani, suti imelowa, na waandishi wa habari wamemzunguka na miavuli. Alikuwa anakwenda Bondeni kufungua Wiki ya Mshikamano wa Magurudumu, na gari lake lilikuwa limejaribu kona ya kwanza. Sasa lilikuwa limeegeshwa pale, linaangalia korongo kwa jicho moja, na Sururu amejibana nyuma yake anaomba dua. Waziri aliwaambia waandishi kwamba amesimama kukagua nyasi. Alikuwa amezikagua tangu asubuhi. Angesema nini? Kwamba Matairi ya Mshikamano hayashuki mteremko?

Alilitazama gari la Machano, na tairi la mbele kulia akalitazama zaidi. Lilikuwa na kovu ubavuni, kovu alilolitia yeye mwenyewe siku alipoparamia ukingo akitoka baa. Aliyatambua matairi yake kama mtu anavyotambua viatu vyake msikitini vikiwa miguuni mwa mwingine. Akafumbua mdomo, akaona kamera, akaufumba.

"Ndugu wanahabari," alisema, "kiongozi bora husafiri na mwananchi wa kawaida. Andikeni hivyo."

Bi. Mize akahamia nyuma, Waziri akakaa mbele kushoto, na kwa unene wake gari lingeweza kuinama, lakini halikuinama. Waliteremka kona ya kwanza. Wakateremka ya pili.

"Matairi mazuri," alisema Waziri hatimaye.

"Ya Mshikamano, Mheshimiwa."

"Nayajua. Umeyapata wapi?"

"Niliyachagua kibandani, Mheshimiwa. Zoezi lilikwenda kwa utulivu."

Waziri alikohoa. Kutoka nyuma Bi. Mize akauliza kwa upole, "Na ya kwako, Mheshimiwa, uliyachagua kibanda gani?"

Mheshimiwa akageukia dirishani, akaendelea kukagua nyasi mpaka chini.

Bondeni uwanja ulikuwa umejaa. Watoto wa shule walikuwa wamesimamishwa kwenye mvua tangu asubuhi wakiwa wamevaa fulana zenye picha ya tairi. Hospitali ilionekana kabisa, ng'ambo ya uwanja, jengo jeupe, lakini njia ilikuwa imezibwa kwa sherehe. Machano aliomba wapishwe, akaambiwa hakuna kupita mpaka Mheshimiwa amalize. Akabaki ndani ya gari na mkewe, mbele ya jukwaa, wakisikiliza.

"Wananchi!" alianza Mheshimiwa. "Maadui walisema Matairi ya Mshikamano hayawezi mteremko. Leo mimi, kwa mwili wangu huu mnaouona, nimeteremka kwenye gari la mwalimu mstaafu, bila mzito, na sikuyumba hata chembe! Adui yuko wapi? Ajitokeze!"

Adui hakujitokeza. Makofi yakapigwa, ngoma ikapigwa, mtu mmoja akazimia kwa uzalendo. Na Mheshimiwa angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini makofi kwa mtu kama yule ni sawa na petroli kwa moto, akatafuta kitu kingine cha kuahidi, na jicho lake likamwangukia Bi. Mize.

"Ndani ya gari lile yupo mama yetu mgonjwa. Njia nzima amenitia uchungu moyoni. Nimejiuliza, mashine inayomsafisha damu ni ya nani? Ni ya kiwanda kimoja! Kimoja tu! Majimbo yetu yako wapi katika damu ya mama huyu? Kwa hiyo natamka hapa, mashine ile ifunguliwe leo hii na iungwe upya. Chujio litoke Mashariki, pampu itoke Kusini, mipira itoke Magharibi, na swichi, kwa heshima zote, itoke Kaskazini. Mafundi wa Mshikamano, mko tayari?"

"Tuko tayari!" waliitikia mafundi wa matairi, spana mkononi, wakarukia pikapu yao.

Bi. Mize hakulia wala hakupiga kelele. Alimgusa mumewe begani.

"Baba Asya, washa gari."

Machano akawasha. Hakuomba tena kupishwa, alibonyeza honi akapita katikati ya sherehe, watoto wakaruka pembeni wakishangilia kwa mara ya kwanza siku ile kutoka moyoni. Pikapu ya mafundi ilikuwa mbele yake, na mzito wao amekaa kwenye kona yake amejishikilia. Ilivuta kulia, ikarudi kushoto, ikavuta kulia. Machano alisubiri iende kulia, akapita kushoto, kwa mstari ulionyooka, mpaka mlango wa hospitali.

Sista Edina, muuguzi wa figo, hakuuliza maswali. Alipoona uso wa Machano na pikapu inayokuja nyuma inachechemea, alimlaza Bi. Mize, akachoma sindano, akaunganisha mipira, na mashine ikaanza kuzunguka. Mafundi walipofika mlangoni na spana zao, damu ilikwishakuwa njiani. Walikuwa watu wenye adabu. Mkubwa wao alivua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu."

"Usiharakishe, mama. Sisi tupo hapa nje. Ukimaliza tu, ndiyo tuanze."

Wakakaa kwenye benchi. Mmoja alikuwa anafuta spana yake kwa kitambaa. Bi. Mize alilala akiisikiliza mashine, na Machano alikaa pembeni ameshika mkono wake, akihesabu siku, maana Alhamisi wameipata, na baada ya Alhamisi kuna Jumatatu.

"Wewe ulifundisha jiografia," alisema Bi. Mize mashine ilipokaribia kumaliza kazi. "Kutoka hapa mpaka kwa Asya, kuna mteremko mwingine?"

"Upo. Mkali kuliko huu."

"Na matairi?"

Machano alitoka nje kuyaangalia. Mvua ilikuwa imeyaosha rangi zote, yamebaki meusi, manne, yamefanana kabisa mbele ya macho ya kila mtu. Aliinama akalipapasa moja, akarudi ndani.

"Yatafika."

Waliondoka jioni ileile, bila kupitia nyumbani hata kuchukua nguo. Kwenye kizuizi cha mpakani askari walikuwa wamelala, kama ilivyo desturi, na gari lisiloyumba halipigi kelele ya kumwamsha mtu.

Huko kwa Asya kuna mashine ya kawaida, ya kikabila, ya kiwanda kimoja, na Bi. Mize husafishwa kila zamu yake. Redio ya nchi yao inashikika vizuri usiku. Juzijuzi waliisikia ikimsifu Mheshimiwa Dakta Mng'aro, ambaye sasa amepandishwa na kupewa Wizara ya Afya. Msomaji wa habari alisema kwamba tangu mashine ya Bondeni iungwe upya kwa mshikamano wa majimbo yote manne, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyerudi kulalamika.